Mashine ya kusaga nyama ya mkono: inaitwa ya kusaga, kazi yake ni kukata

Tumezoea kusema nyama ya kusaga, lakini ile mashine ya kuzungusha inayobanwa ukingoni mwa meza haisagi. Jiwe ndilo linalosaga. Mashine hii hukata, na ikianza kusaga kweli, ujue kuna kitu kimefungwa vibaya au kimekuwa butu.

Mpini huzungusha parafujo nene inayosukuma nyama mbele. Mwishoni mwa parafujo hukaa kisu chenye mabawa manne, kisha sahani ya matundu, halafu pete ya kukaza. Kisu huzunguka, sahani imetulia, kwa kuwa pengo lake la pembeni limeshikwa na kijino kilicho mdomoni mwa mashine. Nyama ikijipenyeza kwenye tundu, bawa la kisu huikata hapo hapo, kama mkasi.

Ubunifu huu kwa kawaida hutajwa kuwa wa Karl Drais, Mjerumani wa karne ya 19, yule yule wa chombo cha magurudumu mawili cha 1817 kilichotangulia baiskeli. Kampuni ya Enterprise ya Philadelphia, Marekani, iliyozitengeneza kwa wingi, iliziuza kwa jina la mashine za kukatakata nyama. Walikuwa sahihi kuliko sisi. Namba za ukubwa bado zinatumika: namba 8 huchukua sahani yenye upana wa milimita 62 hivi, namba 12 ni 70, namba 22 ni 82.

Kosa kubwa ni kugeuza kisu. Upande bapa, wenye makali, utazame sahani. Ukigeuzwa, nyama hupondeka na kutoka kama uji mweupe wa mafuta. Pete iliyolegea nayo huleta uji huo huo, maana kisu kimeachana na sahani.

Kwa kima ya sambusa, toa kano na utando, kata vipande vya sentimita 2 hadi 3, viweke kwenye friza dakika 30, kisha tumia sahani ya matundu ya milimita 5. Mafuta yakiwa baridi hukatika. Yakipata joto hupakaa. Hapo ndipo mashine ya mkono inapopendeza, umeme uwepo usiwepo: huenda polepole, haipashi nyama joto, na mpini ukianza kuwa mzito mkono unajua mara moja kwamba kano imejisokota kwenye kisu. Usilazimishe. Fungua, itoe. Ukimaliza, pitisha kipande cha mkate mkavu kisukume nyama iliyobaki ndani.

Za zamani ni chuma kilichopakwa bati. Bati likichubuka, kutu huingia usiku mmoja, kwa hiyo osha, kausha papo hapo, paka mafuta ya kula.

Ukinunua iliyotumika, laza kisu juu ya sahani uelekeze kwenye mwanga. Mwanga ukipenya kati yao, tandaza msasa namba 220 juu ya kioo, tia maji kidogo, usugue vyote viwili kwa mizunguko hadi vikae bapa. Visugue kwa pamoja na uvitunze pamoja. Kisu kilichozoeana na sahani moja hakikati vizuri kwenye nyingine.