Anasoma sana lakini mtihani ukija hamna kitu

Wiki hii tu nishasikia mara tatu, na kila mara ni mzazi anayehangaika kweli kweli: "mtoto anasoma jamani, anarudia notsi mpaka zinachanika, ila mtihani ukija hamna kitu." Nikiuliza sasa mnafanyaje, naambiwa tunamwambia arudie tena. Aaah!

Kurudia kusoma kunadanganya. Ukurasa ukishausoma mara ya nne macho yanateleza tu, kila neno unalitambua afu unajiona umeiva, kumbe kutambua kitu kikiwa mbele yako na kukitoa kichwani daftari likiwa limefungwa ni mambo mawili, na mtihani unataka hilo la pili. Watafiti wa saikolojia, Roediger na Karpicke, walilipima mwaka 2006 kwa wanafunzi wa chuo kikuu kule Marekani, habari moja waliisoma mara mbili, nyingine mara moja kisha wakaandika wanachokumbuka bila kuchungulia. Baada ya dakika 5 ile iliyorudiwa ikawa mbele, walikumbuka asilimia 81 yake kwa 75 ya ile nyingine, na hapo ndo mzazi anaposhangilia. Waliopimwa baada ya wiki ile ya kurudiwa ilikuwa asilimia 42, ile ya kujikumbusha 56. Na hakuna aliyewasahihisha yale waliyoandika!

Kwa hiyo afunge daftari, akueleze kwa maneno yake, akikwama mwache ahangaike kidogo ndipo afungue aangalie, afu arudie zoezi hilo hilo keshokutwa akiwa ameshaanza kusahau. Atalalamika ni gumu, sawa tu, ule ugumu ndo kazi yenyewe. Mdogo ambaye hata kusoma bado hahitaji mtihani, mwambie tu akusimulie hadithi ya jana. Na zile kalamu za kukoleza rangi, mimi nisingenunua hata moja, ukurasa mzima unang'aa njano kichwani hamna kitu.

Mengine wanayoambiwa wazazi nitapita haraka. Eti huyu ni mtoto wa kujifunza kwa kuona na yule kwa kusikia: mtafiti Pashler na wenzake walipitia tafiti mwaka 2008 wakakuta hakuna ushahidi wa kutosha wa kuwafundisha watoto kwa mafungu hayo. Kinachoamua njia ni somo, ramani lazima uione na matamshi lazima uyasikie, awe mtoto gani.

Eti kichanga akisikilizishwa muziki wa Mozart atakuwa na akili? Utafiti wa 1993 ulioanzisha maneno hayo ulifanywa kwa wanafunzi wa chuo, ukahusu maswali ya maumbo tu, na faida yenyewe iliisha ndani ya robo saa. Kichanga hakuwemo kabisa.

Lugha mbili hazimchelewishi mtoto kuongea. Kuchanganya maneno ni kawaida, hesabu maneno yake ya lugha zote mbili kabla hujasema amechelewa, na tafadhali msiache lugha yenu mkaanza kumwongelesha ile mnayoibabaisha.