Fimbo, rili na uzi wa kuvulia sangara kwa samaki wa plastiki

Ukitaka kuvua sangara kwa chambo cha plastiki laini, kifaa cha kwanza kushika ni mizani ya jikoni. Pima chambo kama kitakavyoingia majini: plastiki, ndoana na kichwa cha risasi (tonge la madini linalokizamisha) kwa pamoja. Uzito huo ndio utakaochagua fimbo, fimbo itachagua uzi, na rili itafuata mwisho. Wengi huanza na rili kwa sababu ndiyo inayong'aa dukani, kisha wanahangaika kuitafutia fimbo ya kuendana nayo.

Samaki wa plastiki wa sentimita 12 au 13 mwenye mkia wa kasia huwa na gramu 15 hadi 20 akiwa mtupu. Mpachike kichwa cha risasi cha gramu 20, tayari una karibu gramu 40. Mkubwa wa sentimita 20 aliyewekwa risasi tumboni tangu kiwandani anaweza kuzidi gramu 90. Hao wawili hawarushwi kwa fimbo moja. Juu kidogo ya mpini wa fimbo pameandikwa uzito inaoumudu, kwa gramu au kwa aunsi (aunsi 1 ni gramu 28). Mimi hupendelea chambo kiangukie kwenye theluthi mbili za kikomo chake cha juu: kwa fimbo ya gramu 20 hadi 60, chambo cha gramu 40 ni chake hasa. Chambo chepesi mno hakiipindi fimbo wakati wa kurusha, kwa hiyo kinaanguka karibu. Kizito mno kinaipinda hata kabla samaki hajagusa, na siku ya kurusha kwa nguvu inaweza kukatika.

Uzito peke yake hautoshi. Tazama pia inavyopinda. Sangara hatafuni chambo. Anafungua mdomo ghafla, maji yanaingia kwa kishindo na chambo kinaingia nayo. Fimbo ngumu kuanzia nchani, ikiwa na uzi usionyumbuka, humnyang'anya chambo kabla hajafunga mdomo, na mvuvi anabaki na ule mguso mmoja mkali usiokuwa na samaki. Tafuta fimbo ambayo theluthi yake ya juu inalegea, lakini kuanzia katikati kwenda mpinini ina mgongo wa kweli, maana ndoana moja nene haizami kwenye mdomo ule bila nguvu. Akigusa, endelea kuzungusha mkono wa rili mpaka uhisi uzito wake, ndipo uvute fimbo kwa upande. Ukiinyanyua juu kwa kushtuka, unampoteza.

Kwenye boti, mita 2.1 hadi 2.4 zinatosha. Ukivua ukiwa ukingoni, kama kwenye Mto Nile chini ya maporomoko ya Murchison, chukua ya mita 2.7. Pale unasimama mbali na maji kwa sababu ya mamba na viboko, na fimbo ndefu ndiyo inayoinua uzi juu ya miamba iliyo mbele yako.

Rili zipo za aina mbili: inayoning'inia chini ya fimbo, na inayokaa juu ambayo ngoma yake (sehemu inayoviringishwa uzi) yenyewe huzunguka unaporusha. Kwa chambo cha chini ya gramu 50, na kwa anayeanza, ya chini ni rahisi. Saizi 5000 au 6000 inafaa. Kwa gramu 60 kwenda juu naona ya juu ni bora, maana inavuta kwa nguvu zaidi, ila usipoizuia ngoma kwa kidole gumba pale chambo kinapogusa maji, uzi unajivuruga na asubuhi yako inaishia kufumua mafundo.

Namba ambayo wauzaji hawaielezi vizuri ni ile ya kasi, mfano 5.3:1 (uzi huzungushwa mara 5.3 kwenye ngoma kila ukizungusha mkono wa rili mara moja) au 7.1:1. Ngoma yenye kipenyo cha milimita 40 hukusanya takriban sentimita 67 za uzi kwa mzunguko mmoja wa mkono ukiwa na 5.3, na sentimita 89 ukiwa na 7.1. Mkia wa kasia unafanya kazi yake polepole. Kwa rili ya haraka, mkono unajisahau, chambo kinapanda juu na kuanza kulala ubavu, wakati sangara yuko chini kandokando ya mwamba. Chagua ya polepole.

Sasa uzi, na hapa ndipo samaki wengi hupotelea. Kwenye ngoma weka uzi wa kusuka wenye nguvu ya pauni 50 (kama kilo 23), mita 250 au zaidi. Ni mwembamba kuliko nailoni ya nguvu ileile na haunyumbuki, kwa hiyo unahisi mkia ukipiga hata chambo kikiwa mbali. Anza na mizunguko kadhaa ya nailoni chini yake, la sivyo uzi wote utateleza kwenye ngoma ukadhani breki (kidhibiti kinachoachia uzi samaki anapovuta) imeharibika. Kwenye rili ya chini, jaza mpaka zibaki milimita 2 hivi kufika ukingoni.

Mbele ya uzi huo funga mita 1 hadi 1.2 ya nailoni nene au florokaboni, ya pauni 60 hadi 80. Florokaboni husifiwa kwa kutoonekana majini, lakini kwenye maji ya kijani ya Ziwa Victoria sifa hiyo sioni kama inastahili bei yake. Kinachotakiwa ni unene. Meno ya sangara ni madogo na mengi, kama msasa, na kifuniko cha matamvua yake kina miiba na kingo kali. Uzi wa kusuka ukigusa hapo au kwenye jiwe ukiwa umekazwa, umekwenda. Waya hauhitajiki.

Fundo la kuunganisha ninaloliamini ni FG: uzi wa kusuka unazungushwa kwenye nailoni mara 20, juu na chini kwa zamu, kisha unalowanishwa na kuvutwa mpaka rangi yake ikolee. Isipokolea, fundo litateleza samaki wa kwanza mzito akivuta.

Breki usiipime kwa mkono. Funga uzi kwenye mizani ya kuning'iniza na uvute fimbo ikiwa imepinda: kwa vifaa hivi ianze kutoa uzi kwenye kilo 5. Na usiikaze samaki akiwa anakimbia. Ngoma ikipungua kutoka kipenyo cha sentimita 6 hadi 4, kilo 5 zimeshakuwa 7.5 bila wewe kugusa kitu. Akiruka na kutikisa kichwa, ilaze fimbo chini na uzi usilegee hata kidogo, kwa kuwa ile risasi hugeuka wenzo wa kung'oa ndoana.

Baada ya kila samaki, pitisha kucha kwenye nusu mita ya mwisho ya nailoni. Ukihisi mkwaruzo, kata hapo na ufunge upya kabla ya kurusha tena.