Je, leza huchoma vidonda vya mdomoni?

Niliposikia kwamba leza hutumika kutuliza vidonda vya mdomoni kwa wagonjwa wa kansa, nilijua mara moja inafanyaje: inavichoma. Hapa Lubumbashi, mji wa shaba wa Kongo, ukitaja leza mtu huwaza karakana, cheche na bati linalokatika. Nikamweleza hivyo mama mdogo, ambaye siku hizo alikuwa kwenye shimio, yaani matibabu ya dawa za kuua kansa. Alikuwa amemega tonge la bukari, akilizungusha kwenye mchuzi hadi lilainike kama uji. Akaniangalia. "Moto juu ya moto?"

Haichomi. Nguvu yake kwa kawaida ni kati ya miliwati 10 na 150, hata wati moja haifiki. Ikimulika shavu hutahisi chochote. Haikaushi kidonda wala haikati neva. Na si mionzi ya redioterapia, kosa langu la pili. Ni mwanga mwekundu tu, au ule wa jirani yake ambao jicho halioni.

Vidonda hutokea kwa sababu dawa za shimio hushambulia chembe hai za mwili zinazogawanyika upesi, na utando wa mdomo ni wa namna hiyo.

Sasa fikiria mbabula, jiko letu la makaa, ambayo sisi huyaita makala. Makala yamo, hewa ipo, ila majivu yameziba matundu na moto unafifia. Huongezi makala, unaitikisa, majivu yanadondoka, makala yanawaka tena. Mbabula ya chembe ni mitokondria. Humo kuna kimeng'enya kinachopokea oksijeni, na chembe ikiumia, gesi ya nitriki oksaidi hukalia nafasi ya oksijeni kama majivu yale. Inaelezwa kwamba mwanga huibandua, chembe ikapata tena nguvu ya kujenga utando. Dozi ikizidi, faida hupotea. Hata mbabula ukiitikisa ovyo makala humwagika.

Kimeng'enya hicho kina shaba, na shaba hiyo inadhaniwa kuwa miongoni mwa vinavyonasa mwanga. Kwa mtu wa mji huu, hilo linafurahisha kuliko linavyostahili. Wapo watafiti wanaobishia maelezo haya, lakini matokeo yenyewe yalionekana kabla ya maelezo: mwaka 1967 huko Budapest, daktari Endre Mester alimulika panya walionyolewa kwa leza dhaifu, na manyoya yakaota haraka zaidi.

Ushahidi wenye nguvu ni wa kuzuia vidonda, hasa kwa wanaopandikizwa uboho na wanaopigwa mionzi kichwani na shingoni. Kwa shimio ya kawaida, ni mwembamba zaidi.

Mama mdogo alikuwa anadungwa fluorourasili, dawa ya shimio, kwa mpigo mmoja, na kwa dawa hiyo kuna njia isiyohitaji leza: kumumunya barafu kwa dakika 30 wakati wa sindano, mishipa ya mdomo isinyae na dawa ipite kidogo. Mizunguko iliyofuata alikwenda na barafu yake kwenye termosi. Bukari akairudia, pilipili akaiweka kando.