Hiyo si picha ya asteroidi, ni nukta

Juzi mpwa wangu kanitumia tena kwenye WhatsApp: jiwe lenye mashimo, limezungukwa na mng'ao wa machungwa, chini yake maneno "Webb yaipiga picha asteroidi 2024 YR4". Nikamwambia huo ni mchoro wa msanii. Akajibu: "Sasa mjomba, kama hamkuliona jiwe, ukubwa wake mmeupimaje?"

Swali zuri. Linalonichosha ni jibu ambalo watu huwa wameshajipa kabla sijafungua mdomo: kwamba tunaupima kwa infraredi, ule mwanga wa joto usioonekana kwa macho, na kwamba hiyo ni kama kile kipimajoto cha paji la uso cha enzi za korona. Unalenga, kinalia pii, namba inatokea.

Hakuna pii. Darubini ya angani ya Webb iliitazama 2024 YR4 tarehe 26 Machi 2025 na kilichopatikana ni nukta. Ikuze utakavyo, utapata nukta pana yenye ukungu. Kutoka kwenye nukta hiyo watafiti wenzangu walitoa kipenyo cha mita 60, zaidi au pungufu 7. Kabla ya hapo, kwa mwanga wa kawaida peke yake, tulikuwa tukisema kati ya 40 na 90.

Mwanga wa kawaida ni wa kuazima kwa Jua, na ndiyo shida yake: jiwe dogo jeupe na jiwe kubwa jeusi hung'aa sawasawa. Linaloakisi asilimia 4 ya mwanga linahitaji kipenyo mara tatu na ushei cha linaloakisi asilimia 40 ili yalingane machoni, yaani ujazo wa mara thelathini hivi. Infraredi yenye mawimbi ya urefu wa mikroni 10 hivi ni kitu kingine: ni joto ambalo jiwe limelimeza na sasa linalitema. Jeusi humeza karibu lote, jeupe humeza kama asilimia 84, maana ile 40 hupima mng'ao unaorudi moja kwa moja upande wa Jua, si mwanga wote unaoakisiwa. Tofauti hiyo ni ndogo, kwa hiyo mng'ao wa joto hufuata zaidi ukubwa. Basi.

Ila nukta haisemi joto limekaaje juu ya jiwe. Hilo tunaliwekea modeli: tufe, upande wa mchana una moto, upande wa usiku umepoa, na kirekebishi kiitwacho eta cha kufunika yale tusiyoyajua. Ukiwa na bendi mbili za joto, yaani vipimo vya mawimbi ya urefu tofauti, data yenyewe inakupa eta. Ukiwa na moja, unaazima eta ya asteroidi nyingine na kuomba Mungu. Ndiyo maana nikiona "± 7" kitu cha kwanza kuuliza ni kwamba humo ndani kumehesabiwa nini.

Sasa tufike kwenye inesha ya joto, yaani ukaidi wa kitu kupata au kupoteza joto, maana hapa ndipo hata sisi tulipoumbuka.

Aliyekulia pwani anaijua kwa nyayo. Saa saba mchana mchanga unaunguza, lakini chimba kwa kidole gumba, sentimita chache chini ni baridi. Jua likizama, mchanga unapoa upesi, ilhali baraza ya saruji bado inakupasha makalio hadi baada ya isha. Mchanga una inesha ndogo, jiwe zima lina kubwa. Kwa hiyo pima jinsi asteroidi inavyopoa ikizunguka, utajua ni mchanga au ni mwamba. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha wengine.

Mwaka 2007 darubini ya infraredi ya Spitzer iliitazama asteroidi Bennu. Inesha ikatoka kama 310. Mwamba mtupu hupita 2,000. Tafsiri: changarawe ya milimita kadhaa hadi sentimita, sehemu nzuri ya kuchukulia sampuli. Desemba 2018 chombo OSIRIS-REx kikafika, na kukuta mawe. Mawe juu ya mawe, mengine makubwa kama nyumba, na eneo pana tambarare la kushukia halikuwepo.

Watu husema Spitzer ilikosea. Haikukosea! Chombo kilipopima palepale, inesha ilikaribiana na ile ya mwanzo. Tulikosea sisi tuliodhani kila jiwe ni zito na gumu. Mawe ya Bennu yana vitundu vidogo vidogo, joto halipiti vizuri ndani yake. Na sisi wa pwani hatuna kisingizio: jiwe la matumbawe tumejengea nyumba, tunajua jiwe linaweza kuwa kubwa na bado likawa jepesi lenye vitundu tele.

Niliwahi pia kukokotoa asteroidi nikapata albedo, yaani kiwango cha kuakisi mwanga, kama ya theluji. Nilishangilia siku mbili. Kumbe ukubwa ulikuwa sawa. H, namba ya mng'ao wake kwa mwanga wa kawaida, niliyoichukua kwenye orodha ndiyo ilikuwa na kosa la 0.3, na hilo pekee linaipandisha albedo karibu kwa theluthi. Makosa yaliyobaki yalikuwa yangu mwenyewe.

Mpwa sasa anauliza kuhusu Apophis, itakayopita kilomita 32,000 hivi kutoka usoni mwa Dunia tarehe 13 Aprili 2029. Darubini ya angani ya Herschel, nayo ya infraredi, iliipa kipenyo cha mita 375, rada ikasema kama 340. Nimemwambia ukubwa nauamini. Akitaka kujua pale juu pana mchanga au mawe, asubiri chombo kifike, kwa sababu mimi sibashiri tena.