Kijana aliyeacha ibada si mgonjwa

Wazazi hapa Dar wameshanichosha na kauli moja. "Mwanangu haswali tena," "kaacha kanisa," basi lazima ana pepo, anavuta bangi au amerukwa na akili, kwa sababu binadamu anazaliwa na dini. Nawajibu kama mnasihi. Suala la fitra, yaani mafundisho ya Kiislamu kwamba mtu huzaliwa na maumbile ya kumtambua Mungu, nawaachia masheikh wenye elimu yake.

Mtoto anazaliwa na akili yenye mwelekeo fulani: kuona vitu vina kusudi, na kuona aliyekufa bado ana hisia. Mwanasaikolojia Deborah Kelemen aliwauliza watoto wa Marekani kwa nini mawe mengine yana ncha, na wakavutiwa na majibu kama: ili wanyama wasiyakalie. Mwaka 2004, wanasaikolojia Jesse Bering na David Bjorklund waliwaonyesha watoto vikaragosi, panya akaliwa na mamba. Kula hahitaji tena, walisema wengi, ila bado anampenda mama yake. Hapo hakuna aliyehubiri. Lakini Mungu anaitwaje, anaabudiwa siku gani, chakula gani ni haramu, hayo yote mtoto anafundishwa, na kinachofundishwa kinaweza kuachwa bila kichwa kuharibika.

Tena wengi ninaoongea nao hawajaacha kuomba. Wamechoka kutangaziwa michango kila ibada, au waliwahi kuaibishwa mbele ya watu. Mzazi, acha kumhoji Jumapili alikuwa wapi. Muulize akiogopa usiku anaongea na nani, kisha nyamaza umsikilize. Na akisema haamini kabisa, hajaugua pia: kutoamini hakumo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Cha kukutisha ni akiacha kila kitu kwa pamoja, yaani marafiki, mpira, chakula, usingizi, au akianza kuzungumzia kufa. Hiyo inaweza kuwa sonona. Mpeleke kliniki ya afya ya akili, Muhimbili ipo, wala usisubiri mkesha wa maombi uishe.

Wengine wananiambia mababu zetu hawakuwa na dini mpaka wageni walipofika. Sivyo. Waluguru na Wazaramo walikwenda kuomba mvua kwenye pango la Kolelo, milima ya Uluguru, na wenye kulihudumia walijulikana.

Halafu kuna hili la kwamba bila nyumba ya ibada hakuna dini, na bila dini hakuna maadili. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hawana hekalu wala wahubiri. Wana ngoma yao ya epeme, inayochezwa usiku usio na mbalamwezi: wanaume wanaingia mmoja mmoja gizani, wanawake wanaimba. Wanamtaja Haine, mungu wao, lakini watafiti walioishi nao hawakukuta amri zake kuhusu nani amtendee nani nini. Na nyama ya mnyama mkubwa inagawiwa kambi nzima.