Fukuto la kaskazi: tunayoyaamini na yalivyo

Ukitaka kujua leo mwili wako utateseka kiasi gani, usianze na kipimo cha joto, itazame kanga kwenye kamba. Mwezi wa Julai, kusi likivuma, kanga iliyofuliwa asubuhi huanuliwa kabla ya adhuhuri. Mwezi wa Machi, kaskazi limelegea na masika yanabisha hodi, kanga ile ile hubaki kambani mpaka alasiri na pindo zake bado mbichi. Hewa iliyoshindwa kukausha kanga ndiyo hiyo hiyo tunayoitegemea itukaushe jasho la mgongoni. Mengi tunayoyakosea kuhusu joto, Unguja na Pemba, chanzo chake ni kulisahau hilo.

"Nyuzi 32 si joto, nenda Dodoma ukaone." Maneno haya nimeyasikia barazani mara nyingi, na kipimo chenyewe kinaonekana kuyaunga mkono. Lakini Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni kavu. Nyuzi 32 za kule, ukipata kivuli cha mti, unatulia. Nyuzi 32 za Mji Mkongwe, hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 70, mwili huzihisi kama nyuzi 40. Ndani ya mwili tuna nyuzi 37, na ngozi huwa kama nyuzi 35. Hewa ikishafika 32, joto letu linatoka kwa shida kwa kuwa nje na ndani vinakaribiana. Hapo kinachobaki kutuokoa ni jasho.

Nalo jasho tunalielewa vibaya. Watu husema, "Muache atoke jasho, ndiyo anapoa." Jasho halipozi kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Lita moja ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na joto la kilojuli 2,400 hivi, joto linaloweza kutokotesha zaidi ya lita saba za maji ya mfereji. Ile michirizi inayoshuka shingoni na kudondoka sakafuni haikusaidii kitu: mwili umepoteza maji na chumvi, joto limebaki pale pale. Mtungi wa bibi unafundisha vizuri somo hili. Maji hupenya udongo, hukauka kwa nje, na yaliyomo yanapoa. Siku za fukuto mtungi unalowa kweli, lakini maji yake hayapoi kama yanavyopoa wakati wa kusi.

Kuna moja linalonigusa kama mnywaji wa kahawa: kwamba kahawa ya moto hupoza mwili. Si uzushi mtupu. Kinywaji cha moto huchochea jasho zaidi ya joto kilicholiingiza, na mahali pakavu, jasho likikauka lote, unaweza kweli kubaki umepoa kuliko ungekunywa maji baridi. Kwetu nusu ya jasho hilo huishia kwenye kola ya kanzu. Kahawa tuinywe kwa utamu wake na kwa mazungumzo, lakini saa nane mchana mwezi wa Februari, maji au dafu ndiyo yatakayokufaa.

Feni haipozi chumba. Anayetoka akaiacha inazunguka ili arudi akute kumepoa, anakikuta chumba na joto lake, na joto dogo la mota limeongezeka juu. Kazi ya feni ni kuiondoa ile hewa iliyolowa inayoganda kwenye ngozi na kuleta nyengine ipokee jasho. Kwa hiyo iwekwe pale inapokupuliza wewe, na dirisha la pili liwe wazi. Kiyoyozi ni jambo jengine, maana kinakamua unyevu kwenye hewa. Yale maji yanayodondoka nje ukutani ndiyo unyevu wenyewe.

Nililielewa hasa hili Unguja ilipokosa umeme kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi ya kaskazi tupu. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali na bati, madirisha upande mmoja. Saa nne za usiku ukinyoosha kiganja kuelekea ukuta wa matofali ulihisi joto likikujia kama uko mbele ya tanuri. Mama alitandika mkeka nje, akakaa na kipepeo cha ukindu akiwapepea wadogo zangu mpaka mkono unamchoka, anabadilisha wa pili. Nyumba ya jirani ya makuti, ambayo sisi tuliiona ya kimaskini, watu walilala ndani. Makuti hayahifadhi joto, na hewa ya moto inapenya ikatoka juu. Tangu hapo nikisikia kwamba nyumba bora ni ya bati na matundu machache, moyo unaniuma, hasa ninapoziona zinavyojengwa bila hata dari.

"Sisi wenyeji tumeshazoea." Kuzoea kupo: mwili ukifanya kazi kwenye joto kwa wiki moja hadi mbili huanza kutoa jasho mapema, na jasho lenye chumvi kidogo. Mgeni naye huzoea vivyo hivyo. Ila mazoea hayo hupotea ukikaa wiki kadhaa kwenye ubaridi, na hayaibadilishi hewa iliyojaa maji. Mchumaji wa karafuu aliyezaliwa Wete anaweza kuanguka kwa joto kama mtu yeyote. Mtu akianza kuongea ovyo au kuchanganyikiwa, asiambiwe akalale kidogo. Avuliwe nguo nzito, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe, na wakati huo huo hospitali itafutwe.

Na watoto wachanga, jamani. Tunawafunga soksi, kofia na blanketi mwezi wa Februari tukihofia baridi, halafu vipele vinapowajaa shingoni tunasema ni damu chafu. Vijitundu vya jasho vimeziba, basi. Mvue, mpanguse kwa kitambaa kibichi, mlaze kwenye kanga moja kuukuu mahali panapopita upepo.