Je, wajua kwa nini tangazo la sabuni hufundisha ushawishi vizuri kuliko hotuba?

Fika stendi ya daladala saa nne asubuhi, wakati abiria wamepungua. Mpiga debe anaita: "Wawili wa mwisho! Wawili tu, gari linaondoka!" Unachungulia, unaona siti za mbele zina watu, unapanda. Dakika kumi zinapita, gari halijasogea. Kisha wale vijana wa mbele wanashuka mmoja mmoja na kuhamia gari linalofuata. Hawakuwa na safari. Walikaa pale ili wewe uone gari limejaa.

Hapo umepigwa mbinu mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni uhaba: nafasi zinakwisha, amua sasa hivi. Ya pili ni wingi wa watu: kama wenzako wameshapanda, basi gari la kupanda ni hili. Mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Cialdini, alizieleza zote mbili katika kitabu chake cha mwaka 1984 kuhusu ushawishi, na kabla ya kukiandika alijipenyeza kwenye mafunzo ya wauzaji ili aone kazi inavyofanyika. Angeanzia Kariakoo angemaliza mapema zaidi.

Mwanafunzi anayepita stendi hiyo kila siku anaingia darasani akiwa ameshauona ushawishi kwa macho. Ndiyo maana kuna walimu wa lugha wanaoziweka kando hotuba za viongozi na kuanza na mabango, redio na vifungashio vya bidhaa. Ukiwauliza sababu, watakwambia matangazo ni mafupi na yanachangamsha darasa. Ni kweli, ila hiyo ni sababu ndogo. Hotuba ya dakika 40 ina salamu, itifaki, takwimu na vichekesho, na mbinu zake zimetawanyika humo ndani. Tangazo limelipiwa kila neno, hakuna lililoingia kwa bahati mbaya. Na sababu kubwa ni hii: sentensi muhimu kuliko zote katika tangazo ni ile ambayo haikuandikwa. Kwa kuwa zilizoandikwa ni chache, mwanafunzi anaweza kuitafuta hiyo iliyobaki hadi akaipata.

Tuchukue tangazo la kubuni, la aina unayoiona kwenye ukuta wa duka lolote. Kuna picha ya mama anatabasamu, shati la shule jeupe linaning'inia kwenye kamba, na maneno: "Mama anayejali hufulia sabuni hii." Mwalimu anayaandika ubaoni na kuuliza: sentensi gani haikuandikwa hapa? Jibu la kwanza karibu kila mara ni "sabuni hii ni nzuri." Mwalimu anasubiri. Mwingine anasema "nguo zitakuwa nyeupe." Hapana, hiyo iko kwenye picha. Mwishowe kuna mmoja wa nyuma atakayesema: "Mama asiyeifulia hajali."

Darasa linacheka, kwa sababu kila mmoja amemfikiria mama yake na kile kipande cha sabuni ya mche kilichoko nyumbani. Sentensi hiyo ingechapwa kwenye bango kama ilivyo, akina mama wa mtaa huo wangelichana siku hiyo hiyo. Imefichwa, kwa hiyo kila mpita njia anaimalizia mwenyewe kichwani, na wazo ulilolimalizia mwenyewe hulitilii shaka kama lile uliloambiwa na muuzaji.

Ukibaki hapo kidogo utaona kuna sentensi ya pili iliyofichwa: "Nikiinunua, nitakuwa mama anayejali." Sasa zipime zote mbili kwa mantiki. Ile ya kwanza, ya kutisha, inafuata kweli kutoka kwenye maneno ya bango: kama kila anayejali huifulia, basi asiyeifulia si miongoni mwa wanaojali. Ya pili haifuati kabisa. Kusema kila mwalimu ana chaki si kusema kila mwenye chaki ni mwalimu. Lakini ni hii ya pili inayomfanya mtu atoe pesa. Vijana wa kidato cha pili hulishika jambo hili haraka kuliko wanavyoshika mifano ya vitabu vya mantiki, pengine kwa sababu sabuni wanaijua.

Jaribio linalofuata ni kubadilisha neno moja tu. Andika "Baba anayejali hufulia sabuni hii." Kwa nini linasikika kama kichekesho? Hapo wanafunzi wanagundua kuwa tangazo lilikuwa limeegemea imani ambayo lenyewe halikuitaja, kwamba kufua ni kazi ya mama. Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliliona hili alipochambua hotuba za zama zake: msemaji hodari huacha hatua moja ya hoja bila kuisema, kwa sababu anajua wasikilizaji wanayo tayari vichwani. Sisi wa pwani tungeweza kumwonyesha kanga. Jina, yaani ule msemo wake, limeandikwa juu ya pindo la chini, jirani hakutajwa, na jirani ameelewa.

Redio nayo ina kito chake. Tangazo la bando au la promosheni husomwa kwa raha, muziki ukipiga, halafu sekunde mbili za mwisho sauti inabadilika ghafla: "vigezonamashartikuzingatiwa." Mpe mwanafunzi alisome tangazo zima kwa kasi moja, na maneno hayo ya mwisho yapewe uzito uleule wa "shinda pikipiki." Kisha waulize wenzake ni vigezo gani. Hakuna anayejua, na hilo ndilo swali la kuandikia insha.

Kufundisha hivi si jambo jipya. Mwaka 1937, jijini New York, Clyde Miller wa chuo cha ualimu cha Columbia alishiriki kuanzisha Taasisi ya Uchambuzi wa Propaganda. Fedha za kuanzia zilitoka kwa Edward Filene, tajiri wa Boston aliyekuwa na duka kubwa la nguo. Hebu fikiria, mfanyabiashara anagharimia watu wafundishwe kutilia shaka maneno matamu! Ulaya ilikuwa na Hitler, na Marekani yenyewe ilikuwa na padri Charles Coughlin, ambaye mahubiri yake ya kisiasa redioni yalisikilizwa na mamilioni. Taasisi ilitoa orodha ya mbinu saba, ikaingia mashuleni: kumpachika mpinzani jina baya, maneno makubwa yasiyo na mpaka, kama uhuru na maendeleo, kuazima heshima ya bendera au dini, ushuhuda wa mtu maarufu, "mimi ni mwenzenu, mtu wa kawaida", kuonyesha ukweli wa upande mmoja, na "wote wameshajiunga, umebaki wewe."

Zisome tena ukiwa na uchaguzi wowote wa Afrika Mashariki akilini. Au tangazo la kamari ya mpira, ambalo siku zote humwonyesha aliyeshinda ameshika hundi kubwa kama mlango. Mbinu ya sita hiyo. Mwambie mwanafunzi achore watu wengine ambao wangepaswa kuwemo kwenye picha hiyo, uone karatasi itakavyojaa.

Taasisi ile ilifungwa mwaka 1942, baada ya Marekani kuingia vitani. Lakini hata kabla ya hapo wakosoaji walikuwa wameona udhaifu wake, nami nadhani walikuwa na haki. Kijana aliyekariri majina saba huanza kuyabandika kila mahali. Akimsikia daktari anahimiza chanjo, anasema "ushuhuda!" na kujiona ameshinda hoja. Kwetu tatizo hili lina sura ya mtihani. Mtahiniwa wa Kenya anayejibu swali la isimujamii huorodhesha sifa za sajili ya matangazo, yaani mtindo wake wa lugha: chuku, takriri, maswali ya balagha, lugha ya kuvutia, na kupata alama zake bila kusema kama tangazo lenyewe linamdanganya mtu au la.

Dawa ya hilo ni kuweka mezani ushawishi ambao mwanafunzi hatauona kuwa adui. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu takriban milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza Radio Tanzania, wakasoma vijitabu, wakajadili malaria, kichocho, minyoo na maji safi, kisha kila kikundi kikakubaliana cha kufanya. Vyoo vilichimbwa nchi nzima. Itafute sentensi iliyofichwa katika maneno yale matatu. Zitafute pia mbinu: kuna wingi wa watu, kuna "mimi ni mwenzenu", kuna kuazima heshima ya taifa. Ni zilezile za mpiga debe. Tofauti huanza kuonekana ukiuliza kama sentensi iliyofichwa ni kweli, na nani anafaidika mtu akiiamini. Na kuna tofauti nyingine ninayoipenda: kampeni ile iliwapa watu muda wa kubishana kabla ya kuamua. Mpiga debe hatoi muda.

Anayehisi kwamba vipindi vya kila siku ni burudani tu, visivyo na la kumbadilisha mtu, asimuliwe kisa cha Dodoma. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliobeba ujumbe wa uzazi wa mpango na UKIMWI, wenye dereva wa lori aitwaye Mkwaju na wanawake wake wa njiani. Mitambo ya Dodoma iliachwa nje kwa makusudi hadi mwaka 1995 ili watafiti walinganishe. Katika maeneo yaliyousikia mchezo huo, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko Dodoma.

Je, kuchambua matangazo humkinga mtu? Mwanasaikolojia William McGuire alilijaribu swali la jirani na hili mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alichukua imani ambazo Wamarekani hawakuwahi kusikia zikipingwa, mfano kwamba ni vizuri kupiga mswaki kila baada ya mlo, akazishambulia kwa hoja. Ziliyumba upesi mno. Waliokuwa wameonyeshwa kwanza hoja pinzani dhaifu pamoja na majibu yake walisimama imara zaidi kuliko wale waliorundikiwa hoja za kuunga mkono tu.

Umri nao una neno. Mwaka 2004 jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilihitimisha kuwa watoto wa chini ya miaka 8 kwa kawaida hawatambui kwamba tangazo lina nia ya kuwashawishi; wanalipokea kama habari. Sweden imepiga marufuku matangazo ya televisheni yanayowalenga watoto wa chini ya miaka 12 tangu mwaka 1991. Kwa hiyo mwalimu wa darasa la pili asianze na mantiki ya sabuni. Achukue pakiti ya biskuti yenye katuni, aulize maswali mawili: nani amelipa ili picha hii iwekwe hapa, na je, kilichochorwa nje kimo ndani? Kisha aifungue pakiti mbele yao. Sentensi iliyofichwa inaweza kusubiri hadi darasa la sita.